Sauti Zilizoshinda Miaka: Vinara wa Rekodi za Kale, Kutoka Budapest hadi Kalambo

Mkazi wa Matai ana haki ya kuyazoea maneno "kuliko zote". Wilaya yetu ya Kalambo ina maporomoko yanayodondosha maji zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, nayo huhesabiwa miongoni mwa maporomoko marefu kabisa barani Afrika. Juu kidogo ya hapo, ng'ambo ya mto upande wa Zambia, wanaakiolojia walikuta magogo mawili yaliyochongwa ili yakae moja juu ya jingine. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitangaza kwamba magogo hayo yana umri wa miaka 476,000 hivi, na kwamba ni ushahidi wa kale kuliko wote uliopatikana wa watu kuunganisha mbao. Hayakuoza kwa sababu ardhi yenye maji iliyakinga na hewa.

Wimbo haupati bahati hiyo. Ukishaimbwa umekwisha, na hakuna udongo wa kuutunza. Watu wa kale walioishi Kalambo waliimba nini wakati wanachonga, hatutajua kamwe. Binadamu amekuwa na uwezo wa kuinasa sauti kwa miaka isiyofika 200, na katika muda huo mfupi zimepatikana rekodi ambazo kila moja ni kinara kwa namna yake: ya kale zaidi, iliyohamishwa zaidi, iliyosubiri zaidi, iliyofika mbali zaidi. Nimezikusanya hapa zile ambazo naona zinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Anayeziunganisha ni mtu ambaye hukumtarajia: mpiga piano wa Hungaria.

Za kale kuliko zote

Sauti ya binadamu ya kale kuliko zote tunayoweza kuisikia leo ni ya tarehe 9 Aprili 1860. Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville aliichora kwenye karatasi iliyopakwa masizi, wimbo wa watoto wa Kifaransa, sekunde chache tu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuusikia ukirudi. Mashine yake ilichora mawimbi ya sauti bila uwezo wa kuyacheza, na ni mwaka 2008 tu ambapo kompyuta ilizigeuza zile alama kuwa sauti. Thomas Edison ndiye aliyetengeneza, mwaka 1877, chombo cha kunasa na kurudisha.

Waliokipeleka chombo hicho kwa wanavijiji hawakukawia. Mmarekani Jesse Walter Fewkes aliwarekodi Wapassamaquoddy wa jimbo la Maine mwaka 1890, na anahesabiwa wa kwanza duniani kufanya kazi hiyo. Barani Ulaya wa kwanza kukusanya nyimbo za vijijini kwa fonografu alikuwa Mhungaria, Béla Vikár, aliyeanza kabla karne ya 19 haijaisha. Vienna ikaanzisha hifadhi ya sauti mwaka 1899, na hiyo ndiyo hifadhi ya sauti kongwe kuliko zote duniani. Berlin ikafuata mwaka 1900.

Na hapa kwetu? Mwaka 1906 Karl Weule, msomi wa jumba la makumbusho la Leipzig, alishuka Lindi akiwa na fonografu na kamera ya sinema, akapanda hadi Masasi, Newala na uwanda wa Wamakonde. Rekodi zake ni miongoni mwa za kale kabisa kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania, na picha zake za ngoma ni miongoni mwa sinema za mwanzo kupigwa katika ardhi hii. Aliyakuta maeneo hayo yakiwa bado yana majeraha ya Vita vya Maji Maji. Waimbaji waliosimama mbele ya pembe ya mashine walikuwa watu ambao mwaka mmoja tu uliopita nchi yao ilikuwa inaungua. Ukisikiliza sauti za wakati ule, kumbuka hilo kwanza kabla ya kusifu mashine.

Miaka mitatu baadaye, 1909, Erich von Hornbostel, mkuu wa hifadhi ya Berlin, alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi katika jarida la Anthropos. Aliuandika akiwa mezani Berlin, akisikiliza nta.

Zilizohamishwa kuliko zote

Ile nta inafaa tuitazame kwa karibu. Ni mcheduara wenye tundu katikati, mrefu kama kidole cha mtu mzima, unaoingia kwenye kiganja. Juu yake sindano huchimba mfereji mwembamba kama uzi, na nafasi yote inatosha dakika mbili au tatu. Wimbo ukizidi hapo, unakatwa. Tena kila ukiucheza, sindano inaila nta kidogo, kwa hiyo kusikiliza kwenyewe ni kuharibu. Berlin walitafuta dawa: waliipaka ile nta kwa njia ya umeme tabaka la shaba, wakapata kalibu ya shaba ambayo ingeweza kutoa nakala nyingi. Lakini katika kazi hiyo nta ya asili iliharibika. Sauti ya mwimbaji wa Unyamwezi ikabaki kwa mfano wa kinyume, imejichora ndani ya shaba.

Shaba hizo zilisafiri. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zilifichwa ili zisipigwe mabomu. Vita vilipokwisha, Warusi walizichukua sehemu kubwa zikaenda Leningrad. Baadaye zilirudishwa Berlin Mashariki, na mwaka 1991, Ujerumani ikiwa imeshaungana, zikarudi kwenye jumba lao la zamani. Mwaka 1999 UNESCO iliuingiza mkusanyo huo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, ukiwa na micheduara ya nta na ya shaba zaidi ya 16,000. Sauti za babu zetu zimeona miji ambayo wajukuu wao hawajaiona hata kwenye kalenda.

Mpiga piano aliyebeba mashine kijijini

Sasa yule Mhungaria. Béla Bartók alizaliwa mwaka 1881 na kufariki New York mwaka 1945. Dunia inamjua kama mtunzi, mmoja wa wakubwa wa karne ya 20, lakini kazi iliyompa mkate ilikuwa piano. Kuanzia mwaka 1907 alifundisha upigaji wa piano katika chuo cha muziki cha Budapest, na hakukubali kufundisha utunzi.

Mwaka 1904 alimsikia yaya mmoja kijana, Lidi Dósa, akiimba wimbo wa kwao Transylvania. Kwa Bartók, aliyekuwa amesomeshwa kwamba muziki wa Kihungaria ni ule wa mahotelini wa wapiga fidla wa mjini, ilikuwa kama kufunguliwa dirisha. Mwaka 1906 yeye na rafiki yake Zoltán Kodály walianza kuzunguka vijijini na fonografu. Iko picha yake maarufu: amesimama kando ya mashine, mwanakijiji anaimba kinywa kikiwa karibu na pembe, na watu wamezunguka kutazama. Alikusanya maelfu ya nyimbo, za Wahungaria, Waslovakia na Waromania, wakati ambapo wanasiasa wa mataifa hayo walikuwa wakigombana nani mwenye ardhi. Yeye hakuwabagua. Aliona nyimbo zimekopeshana kupita mipaka, akasema hivyo hadharani, na wazalendo wa kila upande wakamchukia kwa hilo.

Jambo ninaloliheshimu zaidi kwake ni daftari. Kila wimbo aliuandikia jina la mwimbaji, umri wake, kijiji na tarehe. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na Bartók aliishi kama aliyelelewa na msemo huo. Mwimbaji wake ana jina, si "mwenyeji" tu wala "mwanamke wa kabila fulani". Linganisha na masanduku mangapi ya rekodi za Afrika yaliyoandikwa jina la mzungu aliyeshika mashine na jina la kabila, basi.

Na Bartók alifika Afrika. Mwezi Juni 1913 alikwenda Biskra, mji ulioko pembezoni mwa jangwa nchini Algeria, akiwa na mkewe Márta na mashine yake, kurekodi muziki wa Waarabu wa vijijini. Joto lilimshinda, akaugua, safari ikafupishwa. Hata hivyo alipata vya kutosha kuchapisha utafiti mwaka 1920, na kishindo cha ngoma za Biskra kikaingia katika vidole vyake. Sehemu ya tatu ya Suite yake ya piano, Op. 14, aliyoitunga mwaka 1916, inakimbia kwa mpigo mzito unaojirudia usiompa msikilizaji nafasi ya kuvuta pumzi, na mwenyewe alikiri asili yake ni Waarabu. Kwa sikio langu, ndiyo piano ya Ulaya ya wakati huo iliyokaribia ngoma kuliko nyingine zote. Vidole havibembelezi, vinagonga. Mtu aliyekulia kwenye ngoma ya mavuno anaielewa mara moja, pengine haraka kuliko aliyekulia kwenye ukumbi wa Vienna.

Miaka miwili, kampuni moja

Mwaka 1929 Bartók alikaa mbele ya maikrofoni mjini Budapest na kuirekodi Suite hiyo, pamoja na Allegro barbaro yake ya mwaka 1911, kwa ajili ya santuri za His Master's Voice, zile zenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, kampuni hiyohiyo ilikuwa imemwita Bombay mwanamke mmoja wa Zanzibar. Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika familia ya watumwa, akauza vyungu akitembea na kuvinadi kwa sauti iliyosikika kutoka mbali, kisha akahamia mjini na kufundishwa kuimba. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari na kurekodi kwa Kiswahili. Ndiye mwimbaji wa kwanza wa kike wa Afrika Mashariki kutoa santuri, na hakuna rekodi ya Kiswahili ya zama zile iliyoenea kama zake: kuanzia mwambao hadi bara, kwenye migahawa na vibaraza, watu walikusanyika wakamsikiliza. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, uliochapishwa mwaka 1958, na si wengi kati ya waimbaji wa enzi hizo, popote duniani, waliopata kuandikiwa wasifu na mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yao.

Siti na Bartók hawakuonana. Lakini walibanwa na kitu kilekile: santuri ya utomvu wa lac, mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja ukiisha kwa dakika tatu hivi. Taarabu inayoweza kuchukua robo saa arusini ilipaswa kuingia humo. Suite ya Bartók, iliyojengwa kwa vipande vifupi, iliingia kwa urahisi zaidi; Siti ndiye aliyefanya kazi ngumu, kukata bila kuua. Katika mashindano ya nani alifanya mengi ndani ya dakika tatu, mimi ninampa Siti nafasi ya kwanza.

Kuna kamba nyingine iliyowafunga. Taarabu ya Zanzibar ina mizizi Cairo: Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim huko kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Klabu kongwe ya taarabu, Akhwani Safaa, ilianzishwa mwaka 1905. Na mwaka 1932 ulipofanyika mjini Cairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, walioalikwa kutoka Ulaya ni pamoja na Bartók na Hornbostel wa Berlin, yule wa nyimbo za Wanyamwezi. Mpiga piano wa Budapest na msikilizaji wa nta ya Unyamwezi walikuwa chumba kimoja, katika mji ambao taarabu yetu ilitoka.

Zilizokatika vibaya kuliko zote

Rekodi za Bartók za studio ni chache kuliko anavyostahili. Lakini miaka ya 1930 huko Budapest, mke wa mshairi Mihály Babits, ambaye naye aliandika kwa jina la Sophie Török, alipanga matangazo ya redio yarekodiwe kwenye santuri za nyumbani, na Bartók alikuwamo. Sahani zilikuwa fupi na mashine moja. Sahani ikijaa, mwenye mashine alibadilisha, na wakati anabadilisha Bartók aliendelea kupiga huko redioni. Kwa hiyo leo tunamsikia katika vipande vinavyoanza katikati na kukatika katikati, na mikwaruzo juu yake. Mwaka 1981, ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe, kampuni ya Hungaroton ilivitoa vipande hivyo vyote, bila kuvipamba, pamoja na rekodi zake za studio.

Uamuzi huo ni wa kishujaa kwa jinsi yake. Wangeweza kusema hazifai. Walisema: nusu ya wimbo ni bora kuliko sifuri. Ni somo kwa yeyote mwenye kaseti iliyokatika na anataka kuitupa.

Iliyonusurika kuliko zote

Tuje Kampala. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1957 Jumba la Makumbusho la Uganda lilikuwa chini ya Klaus Wachsmann, msomi aliyezaliwa Ujerumani, aliyezunguka nchi nzima akirekodi. Mmoja wa wanamuziki wakubwa wa zama hizo alikuwa Evaristo Muyinda, aliyetoka katika kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Amadinda, marimba ya Baganda yenye mbao 12, hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakitazamana, mmoja akipiga katika nafasi anayoiacha mwenzake, mpaka sikio linasikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake. Wa tatu huziokota noti za mbao mbili za chini kabisa na kuzirudia kwenye mbao mbili za juu kabisa.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Milton Obote, kiongozi wa Uganda, lilivamia kasri la Mengo. Kabaka Mutesa alikimbilia Uingereza, vyombo vya kasri vikaharibiwa na wanamuziki wakatawanyika. Sehemu ya muziki uliokuwa ukipigwa humo kwa vizazi ingekuwa imezimika kabisa kama isingekuwapo kwenye tepu na vichwani mwa watu kama Muyinda. Nakala za mkusanyo wa Wachsmann, ambao asili yake ilihifadhiwa London, zimerudi Chuo Kikuu cha Makerere.

Muyinda alikuwa amemfundisha pia kijana mmoja wa Austria, Gerhard Kubik, aliyeandika kwa undani jinsi vidole vinavyopishana. Maandishi hayo, pamoja na rekodi ambazo Simha Arom alizifanya Jamhuri ya Afrika ya Kati, yalimfikia miaka ya 1980 mtunzi mwingine mkubwa wa Kihungaria, György Ligeti. Mwaka 1985 alianza kutoa Études zake za piano, ambazo zinahesabiwa miongoni mwa kazi ngumu kuliko zote zilizowahi kuandikiwa mpiga piano mmoja. Ugumu wake ni huohuo wa amadinda: mkono wa kulia na wa kushoto haikubaliani mpigo uko wapi. Kazi ya watu watatu wa Buganda amepewa mtu mmoja mwenye vidole kumi.

Na mwaka 1984, mjini Budapest, kundi la vijana wapiga ngoma na marimba walijichagulia jina. Waliliita Amadinda. Ni moja ya makundi mashuhuri zaidi ya aina yake Ulaya, na Ligeti mwenyewe aliwatungia kazi. Kwa hiyo mtu wa Budapest anaweza kulitamka neno la Kiganda kila wiki kwenye bango la tamasha.

Iliyosubiri kuliko zote

Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, ndiye aliyerekodi Afrika kwa upana kuliko mtu mwingine yeyote wa wakati wake. Mfululizo wake wa Sound of Africa una santuri 210. Alipita Tanganyika mwaka 1950, na mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa kwa vidole viwili. Rekodi ya "Masanga" aliyoifanya naye imesomwa na wapiga gitaa wa mabara yote.

Lakini kinara hapa ni Kapkatet, katika Kericho ya Kenya. Mwaka 1950 wasichana wa Kikipsigis waliimba mbele ya mashine yake wimbo kuhusu Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Wimbo ukasifiwa ng'ambo, ukachapwa, ukachezwa. Kapkatet wenyewe hawakuusikia. Ni mwaka 2015 ndipo maktaba aliyoianzisha Tracey, ambayo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ilipoupeleka wimbo kwa wenyewe. Miaka 65. Mtoto aliyezaliwa siku ya kurekodi alikuwa ameshastaafu.

Iliyofika mbali kuliko zote

Hii haina mshindani. Tarehe 5 Septemba 1977 chombo cha Voyager 1 kilirushwa angani kikiwa na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu. Leo kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka duniani, mbali kuliko kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu. Ndani ya santuri hiyo mna wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, uliorekodiwa na Colin Turnbull, sekunde 56. Piano ya peke yake iliyomo ni ya Glenn Gould wa Kanada akimpiga Bach.

Humo mna pia salamu za lugha 55. Kihungaria kimo. Kiganda kimo, na Kinyanja, na hata Kiila cha Zambia. Kiswahili hakimo. Lugha ya watu wengi kuliko zote katika Afrika Mashariki haikuwekwa, na santuri hiyo haitarudi ili irekebishwe. Inaniuma mpaka leo.

Tumepata faraja kidogo kwingineko. "Baba Yetu" ya Mmarekani Christopher Tin, sala ya Bwana kwa Kiswahili iliyotungiwa mchezo wa kompyuta mwaka 2005, ilishinda Grammy mwaka 2011, na ikawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo. Na kwa wapenda bei: piano ya Yamaha ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 na aliyetimiza miaka 31 siku ile Voyager inaruka, iliuzwa London mwaka 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 1.7.

Za kwetu

Ufipa una nafasi gani katika orodha hii? Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza, aliishi na Wafipa miaka ya 1960 na mwaka 1978 akachapisha kitabu kizima cha sanaa yao ya kusimulia, kisha baadaye akawaandikia Walungu wa ng'ambo ya mto. Ni kazi nzuri, lakini ni Kiingereza na ni karatasi. Redio ya taifa, iliyoanza kama Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, ilikuwa kwa miongo mingi studio kuu ya nchi, na maktaba yake ya tepu ni hazina kubwa kuliko zote za muziki wa Tanzania. Ukiwa mpenzi wa dansi utapata humo mengi.

Lakini tazama kilichoko majumbani Matai. Kaseti za kwaya za miaka ya 1980 na 1990 ziko kwenye makopo na mifuko ya rambo, juu ya kabati. Niliyoipata mwaka jana ilikuwa na utepe umetoka na kujikunja; nikaurudisha kwa kalamu ya biki, mzunguko mmoja mmoja, nikaicheza kwenye redio ya jirani. Kinanda kilikuwa kinayumba kwa sababu ya unyevu, lakini sauti ya pili ya wanaume ilikuwa safi. Nje ya kaseti pameandikwa "Pasaka". Mwaka haupo. Jina la mpiga kinanda halipo. Mwalimu wa kwaya halipo jina lake.

Kwaya zetu zinasoma nota za d, r, m, mfumo wa Kiingereza wa John Curwen. Ni mfumo uleule ambao Kodály, yule aliyetembea vijijini na Bartók, aliuchukua kwa ajili ya shule za Hungaria. Hatuna upungufu wa elimu ya kuimba. Upungufu wetu ni daftari la Bartók.

Na chombo tunacho, tena bora kuliko cha Weule, cha Bartók na cha Tracey vyote pamoja: simu. Vibanda vya stendi ya Matai vinavyoingiza nyimbo kwenye flashi vina kila kitu cha Dar es Salaam na Lagos. Havina bibi mmoja wa Kifipa akiimba wimbo wa kutwangia ulezi.

Kwa hiyo, msomaji wa Matai, wa Kasanga, wa Mwimbi na wa Sumbawanga: Jumapili hii mwombe mama mkubwa au babu aimbe. Zima redio, funga kuku nje, weka simu kwenye kiti karibu naye na usimkatize. Kabla hajaanza, sema wewe mwenyewe kwa sauti: jina lake kamili, mwaka aliozaliwa kama anaujua, kijiji chake, tarehe ya leo, na wimbo ni wa shughuli gani. Mwombe ruhusa ya kuuhifadhi na kuwapa wengine. Kisha weka nakala mbili sehemu mbili tofauti, moja kwenye flashi iliyoandikwa jina lake na nyingine kwa ndugu anayeishi mbali, na ile kaseti ya "Pasaka" iliyoko kabatini mpelekee mzee aliyeimba ndani yake akutajie majina ya wenzake angali hai.